Mstari Uliopungua Mizani

Walikutana kwenye jengo la ofisi, watu wamesongamana mbele ya lifti iliyogoma. Fundi akaibuka, ovaroli imeloa grisi, akamkuta mwalimu wa ushairi kavaa gauni la manjano, kanuna.

"Dada, usininunie, kidogo tu, utulie."

Mwalimu akacheka. "Vina vimekaa, na mizani imetimia!"

Tangu siku ile simu zao zikawa mashairi. Hadi jana, fundi alipokwepa tena kwenda kujitambulisha kwa baba yake mwalimu. "Basi usinipigie!" mwalimu akakata simu.

Leo, akiwa chumba cha walimu, ujumbe ukaingia:

*Giza hili limefika,*
*Kamba nayo yakatika,*
*Moyo wanitetemeka,*
*Mpenzi, niki*

"Anakuacha huyo," akasema mwenzake wa hesabu. "Kamba imekatika, shoga. Lipi hulielewi?"

Machozi yakamlenga. Akausoma tena kwa sauti, kama darasani. Zile *ka* ziligongana kama meno ya mwenye homa. Mistari mitatu imetimia. Wa nne umepungua mizani na kina hauna. Niki nini? Nikienda? Nikifa? Anayeaga huyapanga maneno yake akayamaliza. Huyu amekatizwa.

Je, kama kamba si fumbo? Kama ni kamba ya lifti tu?

Akapiga. Haipatikani. Akatoka mbio kwenda jengo lile la ofisi, teksi anaiona inatambaa.

"Fundi?" mlinzi wa jengo akashangaa. "Umeme ulikatika yumo ndani ya lifti. Nilidhani alishatoka."

Mwalimu akaupiga mlango wa chuma kwa ngumi. "Mpenzi! Niitikie!"

Sauti nyembamba ikatoka chini: "Usigonge. Imebaki kamba moja."

Mlinzi akawaita zimamoto. Mwalimu akabandika shavu mlangoni, akawa anamsemesha ovyo ovyo, na kila chuma kilipolia akaanza upya.

Walipomvuta nje, fundi akaketi sakafuni. Mwalimu akamkamata kola.

"Kwa nini hukuandika 'nisaidie', wewe?"

"Nilikuwa naanza kukuomba radhi, kamba ikaachia. Nikiogopa, mpenzi, maneno hunitoka kwa vina. Halafu kidole kikabonyeza 'tuma', simu ikaniponyoka."

"Niki nini?"

"Nikitoka humu, nakwenda kwa baba yako."

"Umeshatoka. Twende."

"Na grisi hii?"

"Na grisi hiyo hiyo."