Mume Wangu Alisema Hamjui Kaka Yangu

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Nina mtoto mmoja wa kike na chumba kimoja cha kupanga Buguruni, ambako nashona nguo za watoto kwa cherehani ya kuazima. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa bwana mwenye ofisi kule Posta, bwana anayesimama mbele ya vijana wa mji huu na kuwahubiria undugu na kusaidiana... Undugu!

Majina nimeyabadili. Mambo yenyewe sikubadili hata moja.

Baba yetu alitoka Masasi akaja kubeba mizigo bandarini. Alifariki tukiwa bado wadogo, mimi na kaka yangu Abasi. Mama akatulea kwa kupika vitumbua kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga Kariakoo. Hakuolewa tena. Alikuwa akisema ana waume wawili tayari, Abasi wa kumchekesha na mimi wa kumgombeza.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Abasi naye alikuwa hivyo hivyo kabla yangu. Tungefanya nini? Bahati nzuri Jiji lilikuwa limefungua kituo cha vijana Mchafukoge, kwenye jengo lililokuwa ghala la vitambaa. Jamani, kituo kile kilikuwa uhai wetu! Asubuhi wasichana tulijifunza kushona, wavulana useremala. Mchana kulikuwa na netiboli na ngumi. Jioni wakubwa waliokosa shule walikuja kusoma. Jumamosi tulitoka sote na mafagio kusafisha mitaro ya mtaa, huku bendi ya kituo ikitupigia muziki ili tusichoke.

Mpiga gitaa wa bendi hiyo alikuwa kaka yangu Abasi.

Hakufundishwa na mtu. Alipenda watu, na watu walimpenda. Vijana waliokuwa wakikaa vijiweni tu bila kazi, yeye ndiye aliyewafuata mmoja mmoja na kuwaleta kituoni. Afisa vijana wetu, mtu mzima mpole, alikuwa akisema kuwa Abasi anaendesha kituo bila kujua kwamba anakiendesha.

Katibu wa kituo alikuwa kijana aitwaye Selemani. Msafi, mwenye maneno laini, shati limenyooshwa kila siku. Yeye na Abasi walikula sahani moja. Nilipofika miaka ishirini, Selemani alileta posa nyumbani, na aliyemshawishi mama akubali alikuwa nani? Abasi huyo huyo! "Mama, huyu ni ndugu yangu," alisema. "Ukimpa Rehema umempa mtu wa nyumbani." Kuanzia siku hiyo wakawa wanaitana shemeji.

Ndipo ikaja habari ya nafasi. Afisa vijana alitangaza kuwa Jiji linataka kijana mmoja kutoka kituoni kwetu apelekwe chuoni, kisha arudi kuwa msaidizi wake, mwenye mshahara na ofisi. Tungemchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono, Jumapili ile. Waliojitokeza walikuwa wawili, Abasi na Selemani. Kila mtu alijua mikono itanyooka upande gani. Hata mimi mchumba wake nilijua... na Selemani alijua pia. Alicheka tu, akamwambia Abasi, "Shemeji, ukipata wewe nimepata mimi."

Siku chache kabla ya uchaguzi, mji ulikumbwa na msako wa wasio na kazi. Wale mnaokumbuka miaka ile mnajua. Mgambo walipita sokoni na vituo vya mabasi, wakakamata kila kijana asiye na kitambulisho na kumpandisha kwenye lori kwenda mashambani. Sisi wa kituo tulikuwa na kadi, lakini wiki hiyo kadi zilikuwa zimekusanywa kupigwa muhuri mpya. Afisa vijana alikuwa ameshapatana na mgambo: wakimkamata kijana anayesema ni wa kituo, wampitishe mlangoni kwetu, katibu amtambue.

Abasi alikamatwa karibu na soko, akiwa ametoka kununua nyuzi za gitaa.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya sukari tangu asubuhi. Niliporudi nilimkuta mama amekaa chini barazani, vitumbua vinaungua kwenye chuma na yeye havioni. Jirani alikuwa amemwona Abasi juu ya lori. Nilikimbia mpaka kituoni bila viatu. Selemani alinipokea mlangoni, macho mekundu. Aliniambia lori halikupita pale kabisa, wamempeleka moja kwa moja. Akashika kichwa. "Rehema, kama ningemwona ningejilaza chini ya magurudumu!"

Nilimwamini. Ningeachaje kumwamini? Nilimfuta machozi kwa kanga yangu mwenyewe!

Jumapili uchaguzi ukafanyika. Selemani alikuwa peke yake. Alisimama akasema nafasi hii ni ya Abasi na yeye anaishika tu kwa niaba yake. Vijana walilia.

Kabla hajaenda chuoni, Selemani alisafiri kumtafuta Abasi. Mama alimfungia vitumbua na shati jipya nililolishona mimi. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi amechoka, amekonda. Alituketisha chini, akasema amefika mpaka shamba la mkonge upande wa Kilosa, na kwamba Abasi alikuwepo hapo lakini ametoroka. Wenzake walisema ameelekea Mombasa kupiga muziki, na ameapa harudi tena kwenye shida za Kariakoo.

"Hakuacha salamu?" mama aliuliza.

Selemani aliinamisha kichwa. "Hapana, mama. Hakuacha."

Sijui kama kisu kinaweza kuingia moyoni kwa utaratibu namna ile. Mama hakulia. Aliingia ndani akakunja mkeka wa Abasi, akauweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo aliacha kuimba akipika.

Tulioana Selemani aliporudi kutoka chuoni. Tukapewa nyumba, akapewa ofisi. Ninakiri alikuwa mume mzuri. Alimhamishia mama kwetu, alimpeleka hospitali mwenyewe alipoanza kuvimba miguu. Mama alipozidiwa, jina lililokuwa mdomoni mwake ni Abasi tu. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo. Alikufa ameelekea mlangoni... Selemani ndiye aliyeshika jeneza mbele. Ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama yangu kwa mikono yake. Watu wakasema, Rehema, Mungu amekupa mume na kaka kwa mara moja. Nami nikaitikia, kweli.

Haukupita mwaka, nikakutana na Chande.

Chande alikuwa akiuza karanga karibu na kituo zamani, akachukuliwa kwenye msako ule ule. Nilimkuta Kariakoo nikinunua nazi. Nilifurahi kumwona hai! Nikamwuliza kama amewahi kusikia lolote kuhusu Abasi huko Mombasa.

Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa. "Mombasa gani, dada? Abasi nimemwacha shambani juzi juzi tu. Tulilala banda moja miaka yote hii."

Nazi zilinianguka. Nikamwambia kaka yangu alitoroka, mume wangu alifuatilia mpaka huko.

"Mumeo ni nani?"

Nilipomtajia, Chande alisogea nyuma. Alitaka kuondoka. Nilimshika mkono, nikamsihi mbele za watu, mpaka akasema. Alisema lori lilipita kituoni. Lilisimama mlangoni kabisa! Selemani alitoka, akawatambua vijana watatu wa kituo, wakashushwa. Abasi alikuwa akicheka, anangoja zamu yake. Akamwambia mgambo, "Muulizeni shemeji yangu, yule pale." Mgambo akauliza, "Huyu unamjua?"

Selemani alimtazama usoni, akasema, "Huyu simjui."

Wasomaji wenzangu, sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nilimwambia mume wangu naenda kumwona shangazi, nikambeba mwanangu, nikapanda treni kwenda Kilosa.

Nilimkuta Abasi akianika mkonge. Amekuwa mweusi, amekauka, na mkono wa kushoto una vidole vitatu tu. Mashine ya kukamulia mkonge ilichukua vingine. Vidole vya gitaa! Nilimwita, akageuka. Hakunikumbatia. Alisimama mbali, akaniuliza swali ambalo nitalisikia mpaka nitakapoingia kaburini.

"Mama ameshanisamehe?"

Nikasema, akusamehe nini?

Hapo ndipo nilipojua uongo ulikuwa na pande mbili. Selemani kweli alifika shambani. Alimlilia Abasi, akamwambia alimkana kwa hofu tu, kwamba siku ile aliambiwa akizidisha watu naye atapandishwa lori. Kisha akamwambia kuwa mama amemkasirikia, amesema mwanawe amemtia aibu ya uzururaji mtaa mzima na hataki kumwona mpaka amwite mwenyewe. Kwamba mimi nami nimesema hivyo hivyo. Akampa vitumbua, akasema amevinunua njiani. Shati langu hakulitoa kabisa.

Kwa hiyo kaka yangu akakaa. Msako ulishapita, wengi walirudi mjini, hakuna aliyemzuia tena. Alikaa akingoja kuitwa na mama... na mama akakaa akingoja mlango ufunguke!

Ilinibidi mimi nimwambie kuwa mama amekufa. Alikaa chini palepale katikati ya mkonge. Mwanangu, asiyemjua mtu yule, alianza kulia kwa kutuona.

Nilirudi Dar es Salaam, nikamkuta Selemani akipiga pasi suti yake ya Kaunda. Kesho yake alikuwa na mkutano wa vijana. Nilisema maneno machache tu: "Nimetoka kwa Abasi."

Aliendelea kupiga pasi kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nafasi ilikuwa moja, Rehema. Na haya yote uliyokula na kuvaa, ungeyapata wapi? Mama yako nimemtunza mimi au yeye?"

"Ulimzika huku unajua mwanawe yuko hai!"

"Nilimzika vizuri," akajibu.

Vizuri! Nilichukua mwanangu na nguo zangu chache, nikatoka. Nilikwenda kwa afisa vijana, ambaye sasa ni mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlenga, halafu akasema mambo ya ndoa yasiletwe ofisini, na kwamba hakuna shahidi wa nje ila muuza karanga, maana wale watatu walioshushwa, ambao Selemani aliwapatia kazi, wamekana kuona lolote. Talaka niliipata baada ya kuhangaika sana. Selemani bado ana ofisi. Mwaka jana walimpandisha cheo.

Abasi alikuja mjini mara moja tu. Nilimpeleka makaburini. Alipiga magoti, akaweka mkono wake ule wenye vidole vitatu juu ya udongo, akasema, "Mama, sikukukimbia." Alirudia hivyo mpaka nikamwinua. Kituo cha Mchafukoge hakutaka hata kukipita. Alirudi Kilosa, ana mke na shamba lake huko, na sidhani kama atahamia tena mjini.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi kwa jambo moja. Mtu akikuletea habari mbaya za ndugu yako wa damu, hata awe mumeo, hata awe analia, usipokee kwa mkono mmoja ukaenda kulala. Funga safari. Mtazame ndugu yako usoni, umsikie kwa kinywa chake mwenyewe. Kilosa si mbali. Ni mwendo wa treni tu, na treni hiyo ilikuwa ikiondoka mjini kwetu miaka yote ile, mama yangu akiwa hai.