Vidole vya Fundi Saa

"Basi nenda kaseme! Nenda unimalize!" Mkandarasi alikuwa ameuegemea mlango wa chumba, kauziba kwa mgongo. "Lakini ujue, nikirudishwa nyumbani mimi ni jela, na wewe ni kuomba chumvi kwa majirani."

"Toka mlangoni," mkewe alisema.

"Sitoki."

"Mwenzako anarudishwa leo kwa sababu yako. Umemwibia hadithi yake ukaivaa kama shati!"

"Punguza sauti. Kuta za hapa nyepesi, watu wanasikia."

"Nyepesi kama zile unazojenga wewe?"

Mume akazidi kuukaza mgongo mlangoni.

Wenzangu, watu hawa walikuwa na amani yao. Kule kwao walikuwa na nyumba nzuri na binti mmoja, na jioni mkandarasi alimbeba binti mabegani akimwonyesha majengo aliyoyajenga. Amani hiyo iliangukiwa na dari. Alipewa kazi ya kujenga zahanati, akapunguza nondo, akazidisha mchanga kwenye zege, na kilichobaki akakitia mfukoni. Siku ya kliniki ya watoto dari ikaporomoka juu ya akina mama waliokuwa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Vumbi halijatulia, yeye ameshafunga mabegi. Polisi walipofika kumkamata walikuta jiko bado lina moto.

Huku ugenini akaomba hifadhi ya kisiasa. Mkewe aliposikia alicheka kwa uchungu.

"Wewe mtu wa siasa? Siku ya kupiga kura ulilala mpaka adhuhuri!"

Alicheka, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko ninakotaka mkutazame. Binti alikuwa ameanza shule, amepata rafiki, na hashtuki tena usingizini. Mama akaona afadhali mdomo ufungwe.

Walipewa chumba katika jengo la waomba hifadhi, chenye vitanda vya chuma na kabati lisilofunga. Jirani yao aliitwa Fundi Saa. Alitoka nchi ile ile; huko alikuwa akitengeneza saa, na wakati wa mgomo dhidi ya serikali aliwaficha vijana waliogoma nyuma ya duka lake. Askari walipokuja alikataa kuwataja. Wakamwekea vidole kwenye mlango wa duka lake mwenyewe, wakaufunga. Wakaufungua, wakaufunga tena. Tangu siku hiyo vidole havikunjiki.

Kila asubuhi alibisha hodi kwa mke wa mkandarasi, akitazama pembeni kwa haya.

"Shemeji, samahani, ni vifungo tena."

Naye humfunga koti kama anavyomfunga binti yake.

"Nilikuwa nakaza skrubu ndogo kuliko ufuta," Fundi Saa alizoea kusema. "Leo kifungo cha koti kinanicheka."

Jioni mkandarasi alimkaribisha chai na kumwuliza maswali. Mlango ule ulikuwa wa mbao au wa chuma? Ulifungukia ndani au nje? Mkubwa wa askari alisimama upande gani? Mkewe alidhani ni huruma, hata akafurahi moyoni, maana hakuwahi kumsikia akiuliza lolote juu ya wale akina mama wa zahanati.

Mkandarasi ndiye aliyetangulia kuitwa kwenye mahojiano. Akarudi anatabasamu, na haukupita muda akapewa kibali cha kukaa. Kisha akaitwa Fundi Saa. Jioni ya kuamkia ule ugomvi ndipo alipokuja chumbani kwao na majibu, uso umesawijika.

"Wanasema nimekariri uongo," alisema. "Eti kuna mtu amekwisha kuwaeleza yote, duka, vijana, mlango, ila kwake aliyeumizwa ni kaka yake, tena akafa. Nikawaonyesha vidole. Wakasema hata mashine za kiwandani huvunja watu vidole. Kesho narudishwa, shemeji. Na walionivunja bado wako kazini."

"Pole sana, ndugu yangu," mkandarasi alisema upesi, akimwongezea sukari. "Dunia hii ina watu wabaya."

Mkewe alimwangalia mumewe. Mumewe akakiangalia kikombe. Wa mbao au wa chuma? Mwanamke akayakumbuka maswali ya mumewe. Alijua, lakini aliogopa. Akalala na siri yake mpaka asubuhi, binti alipokwenda shule, ndipo ukalipuka ule ugomvi wa mlangoni.

"Wale wa zahanati wamekwisha kufa," mkandarasi sasa alibembeleza. "Nikikaa jela watafufuka? Mfikirie mtoto, mama."

"Namfikiria. Na huyu je? Huyu hajafa bado."

Honi ikalia uani. Mwanamke alichungulia dirishani. Gari jeupe lilikuwa limefunguliwa mlango, na Fundi Saa alikuwa anapandishwa, koti lake wazi mbele ya upepo. Asubuhi hiyo hakubisha hodi. Alisikia watu wanagombana, akaona haya.

Mwanamke akamsukuma mumewe kwa bega kama mtu anayesogeza kabati, akashuka ngazi mbio. Kwenye dirisha la kioo la afisa wa zamu alidai mkalimani, akaletewa kwenye simu.

"Mume wangu ni mkandarasi," alisema akitweta. "Hatafutwi kwa siasa. Anatafutwa kwa zahanati iliyoua watu. Hadithi aliyowapa ni ya huyo mliyempakia garini. Mrudisheni."

"Amechanganyikiwa!" mumewe alipiga kelele nyuma yake. "Hajalala huyu!"

Afisa alipiga simu, akaongea, akaiweka. Mkalimani akatafsiri taratibu.

"Anasema amekusikia. Kibali cha mume wako kinasimamishwa, na chako na cha mtoto pia. Lakini gari limeshatoka, na yeye hana uwezo wa kulirudisha. Anauliza, ulijua lini?"

"Jana jioni."

"Mbona hukusema jana?"

Mwanamke alivuta kiti, akaketi, akampa mumewe mgongo.

"Mwambie aandike," alisema. Akaanza kueleza tangu siku ya kumwaga zege.

FUNZO

Anayekimbia mateso mara nyingi hana kitu mkononi ila maneno yake. Mhalifu anayejificha katika hifadhi ya wateswa humnyang'anya mwenzake hayo maneno, na mwenye haki akifika anaonekana mwongo. Uliyeharibu, kaa ukabili kesi yako; hata jela ina siku ya kutoka, lakini Fundi Saa tangu siku ile hajasikika tena. Nanyi mnaonyamaza kwa ajili ya watoto, nawaambia bila kuficha: kuna mtoto wa mwingine anayelipa. Ukijua leo, sema leo.