Dakika Kumi za Amplifaya ya Babu

Je, umewahi kupewa kazi ya kusoma namba moja tu, ukaiharibu kwa haraka? Basi msikilize Chiriku.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyepewa jina hilo kwa maneno yake mengi. Kila akitoka shule aliweka mkoba, akanawa, akakimbilia chumba cha mbele, ambako shangazi yake alitengeneza redio. Huko aliongea mpaka shangazi acheke. Neno moja tu lilimkwama kooni: alitamani kushika chuma cha kulehemu. Alifikiri akionekana mwepesi wa kazi, atapewa bila kuomba.

Siku hiyo mezani palikuwa na amplifaya ya babu, mashine ya kukuza sauti, ile ya taa za kioo, iliyopiga santuri siku ya harusi yake. Karibu kila ikiwashwa, fyuzi ilikatika.

"Umeme unaingia kwa kishindo," shangazi alisema, akainua kidude cheusi cha mviringo kama kifungo cha koti. "Hii ni themista. Ikiwa baridi, inaubana umeme. Ikipata moto, inauachia njia. Lakini lazima niichague kwa kiasi cha umeme unaotumika. Bahati leo imekubali kuwaka, na mita ya kupimia umeme nimeshaiunga. Usiguse kitu. Ngoja dakika kumi taa zipate moto sawasawa, kisha soma namba uandike. Nipo hapo mlangoni na mteja."

Dakika ya pili, Chiriku akaona mita inaonyesha ampea sifuri nukta nne. Akaandika.

"Tayari, shangazi!"

"Dakika kumi zimeisha?"

"Zimeisha."

Shangazi akachagua themista ya nusu ampea, akailehemu. Taa zikawaka, babu akaingia, akavuta kiti. Kabla santuri haijawekwa, harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Paf! Themista ikapasuka vipande viwili.

"Basi, mwanangu," babu alimwambia shangazi. "Imezeeka kama mimi. Itupeni." Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, polepole, kama mtu anayeaga.

Chiriku akamshika babu mkono.

"Babu, usiitupe. Ni mimi. Nilisoma dakika ya pili."

"Na uliniambia zimeisha," shangazi alisema.

"Nilidanganya, shangazi."

Shangazi hakufoka. Aliitoa themista iliyopasuka, akaunga mita tena. Fyuzi moja ikakatika, ya pili ikakubali. Kisha akatungua saa ya ukutani, akamwekea Chiriku mapajani.

"Chiriku anyamaze dakika kumi?" babu akacheka. "Niitieni majirani waje kushuhudia!"

Chiriku akanyamaza. Namba ikapanda taratibu, na dakika ya kumi ikatulia kwenye sifuri nukta tisa. Shangazi akachagua themista pana zaidi, ya ampea moja, akailehemu, akawasha. Fyuzi haikukatika. Santuri ikaimba, na babu akafumba macho akitikisa kichwa.

"Mimi nachagua kwa namba unayoniletea," shangazi akasema. "Ukikosea, sema, tutapima tena, ni dakika kumi tu. Ukinificha, tutatupa kitu kizima cha mtu. Ukweli wako ndio ulioiokoa leo." Akamvuta karibu. "Lakini haraka yote ile ilikuwa ya nini?"

Chiriku akakitazama chuma cha kulehemu, kisha akamtazama shangazi.

"Nilitaka unione mwepesi. Shangazi, naomba unifundishe kulehemu."