Emérance Anakimbia Bila Nyama

Mimi naitwa Kahindo. Ninauzisha bunga ya mihogo kwenye soko ya Bunia. Bunga yangu ni nyeupe, inasagwa muzuri, na wateja wananijua. Sasa fikiri haya yangu: mutoto yangu, mutoto ya mwenye kuuzisha bunga, alikuwa anakonda mbele ya macho ya watu.

Anaitwa Emérance. Iko na miaka kumi na nane. Anakimbia, na si kwa kucheza. Kila asubuhi kilometa kumi, kisha masomo, kisha mangaribi anarudi tena uwanjani. Mwalimu wake wa mbio, Caleb, aliandika jina yake kwenye liste ya watu watano wa kwenda kushindana Kisangani. Mutoto alifurahi mpaka akaimba siku nzima, yeye mwenye haimbake.

Emérance hale nyama. Hale samaki vilevile. Niseme sababu yake. Imepita miaka mbili, baba yake, Liévin, alikuwa anachimba zahabu upande wa Mongbwalu. Udongo ikamufunika. Siku mbili hatukujua kama iko muzima. Emérance alipiga magoti ndani ya nyumba, akamwambia Mungu: "Ukinirudishia baba, sitakula tena kitu ya damu." Baba yake alirudi. Anachechemea, lakini iko. Na mutoto alishika neno yake. Nani angemukataza? Si mimi.

Basi, mimi nilifanya namna gani? Siku ya nyama, siye tulikula nyama, na Emérance nilimupakulia sombe kidogo, majani ya mihogo ya kutwanga, na fufu mingi, ugali ya bunga yangu. Akichoka, nilimuongezea fufu. Akichoka tena, nilimuongezea tena. Kwangu fufu njo nguvu, kichwa yangu haikujua kitu ingine. Maharagi alikataa. Alisema inamuvimbisha tumbo wakati wa kukimbia. Sikumulazimisha.

Siku ya Jumanne, Caleb alimuleta nyumbani. Alikuwa anamushika mukono.

"Mama Emérance," Caleb akasema, "mutoto alianguka kwenye mupando, kule njia inapanda nyuma ya uwanja. Si mara ya kwanza."

"Aliteleza tu," nikasema.

"Hakuteleza. Miguu yake inamuuma kila siku, haiponi. Kidonda ya kwenye goti iko na wiki tatu." Akaangalia chini. "Nitamupima tena wiki sita zikipita. Kama iko hivi, nitatoa jina yake kwenye liste. Siwezi kupeleka mutoto aende kuanguka kule."

Emérance aliingia ndani na kulala na viatu.

Mimi nilishikwa na woga. Niliogopa liste, lakini zaidi niliogopa ile mabega yake, mifupa ilikuwa inaonekana. Ndani ya woga ile nilifanya kitu mubaya, na nitaisema vile ilikuwa.

Nilikwenda kwa Divine, jirani yangu wa soko, anauzisha fretini, wale samaki kidogo-kidogo za kukauka. Nikanunua. Wakati Emérance iko kwenye masomo, nikazitwanga mpaka zikakuwa unga, nikachanganya ndani ya sombe yake. Nilijiambia: hataona, na Mungu anajua mimi ni mama. Siku tatu alikula hivi.

Siku ya ine, alichukua kinu kwa kutwanga pilipili. Akaweka pua ndani.

"Mama, nani alitwanga samaki hapa?"

Nikaanza kufagia fasi yenye ilikuwa safi.

"Mama. Muliweka ndani ya sombe yangu?"

"Kidogo tu. Nilikuwa ninaogopa, mutoto yangu."

Hakulia wala kunitukana. Alitoka nyuma ya nyumba, akatapika. Kisha akaenda kukaa pembeni ya baba yake, akamushika mukono, sawa mutu mwenye anachunga mugonjwa. Aliogopa baba yake atakufa kwa sababu ya sombe yangu. Afazali angenitukana.

Tangu siku ile hakugusa tena sufuria yangu. Alikuwa anakula mandazi ya njiani na ndizi, basi. Alikonda zaidi. Wiki moja ikapita, zikabaki tano.

Liévin alinivumilia siku chache. Kisha akaniambia: "Kahindo, ulitaka kumusaidia, ukamudanganya. Sasa tafuta mutu mwenye anajua. Na umupeleke yeye mwenyewe, asikie na masikio yake."

Hapa kwetu kuko mama mumoja munganga, Monique. Anatumika kwenye santé ya kartie, kituo ya afya ya mutaa yetu, kazi yake ni mambo ya chakula. Nilimuomba Emérance twende. Alikubali, lakini njiani alitembea mbele, mimi nyuma.

Monique alimupima kilo, akamuchoma kidole, akaangalia damu.

"Unakosa kilo ine kwa urefu yako, na damu ilipunguka kidogo," akasema. "Ulikuwa unakula nini?"

Mimi njo nilijibu, nikasema yote: fufu, sombe, fufu tena, na sasa mandazi ya njiani. Kisha nikaongeza: "Na nilimuwekea fretini ya kutwanga bila kumwambia."

Monique aliacha kuandika. "Ile ilikuwa mubaya, Mama Emérance. Ona, sasa anaogopa ata chakula muzuri."

"Ninajua," nikasema, na nikalia pale mbele ya mutoto yangu.

Emérance aliniangalia kidogo, kisha akauliza munganga: "Mama Monique, ni lazima nivunje ahadi yangu?"

"Hapana. Hakuna mutu anakuomba ile. Sikia muzuri. Wakati unakimbia sana, nyama ya mwili yako inapasuka-pasuka kidogo. Si ugonjwa, njo namna mwili inapata nguvu. Lakini inapashwa kutengenezwa. Nyumba yenu ikipasuka ukuta, munatengeneza na nini?"

"Na matofali."

"Protéine njo matofali ya mwili. Fufu ni makala ya jiko: inakupa moto ya kukimbia. Mama yako alikuwa anakuletea makala kila siku, na ukuta inaendelea kuanguka."

Nilisikia uchungu kwa bunga yangu. "Kwa hiyo fufu ni mubaya?"

Monique akacheka. "Fufu ibaki, mama, usifunge biashara. Lakini kwenye sahani yake maharagi ipite fufu. Sahani ya maharagi muchana, ingine mangaribi, na muchele ao mahindi pembeni. Maharagi na mahindi zinasaidiana: kile moja inakosa, ingine iko nayo."

"Maharagi inanivimbisha tumbo," Emérance akasema.

"Munaloweka?"

Tukaangaliana. Hapana, hatukulowekake. Mimi nilikuwa ninaosha tu na kuweka kwenye moto.

"Loweka tangu mangaribi. Asubuhi mwaga ile maji yote, pika na maji ingine mpaka ilainike kabisa. Anza na kidogo, ongeza pole pole. Na usikule maharagi mbele ya kukimbia, kula wakati umemaliza mbio. Ile saa njo mwili inaomba matofali."

Alimuuliza tena: "Mayayi na maziwa, ahadi yako inakubali?"

Emérance alifikiri. "Nilisema kitu ya damu. Mayayi na maziwa haiko ndani."

"Muzuri sana. Mayayi mbili kila siku, na glasi ya maziwa ya kuchemusha. Kuko vitamini moja ya damu, iko ndani yake, haipatikane kwenye majani. Bila mayayi na maziwa, ningekupa dawa yake. Asubuhi, uji ya soja. Lakini soja mbichi inaumiza tumbo: ikaange muzuri, isage, ichemuke dakika makumi mbili. Kwenye masomo, beba karanga ndani ya mufuko. Na majani ya lengalenga ao sombe, kamulia ndimu juu yake, inasaidia damu. Chai ikae mbali na chakula."

Alimupa vidonge ya damu na kumwambia arudi kila wiki kupimwa. Mbio ngumu akamukataza wiki moja.

Kutoka pale, Emérance alijipikia mwenyewe. Alichukua sufuria yake, jiko yake, na mwiko yake. Mimi nilikuwa ninaangalia kutoka mulangoni sawa mugeni. Mara ya kwanza alisahau kumwaga maji ya kuloweka. Tumbo ikavimba, akalala siku nzima. Nikafikiri, basi, imekwisha. Mara ya pili alifanya vile aliambiwa, na tumbo ikanyamaza.

Wiki ya kwanza, kilo ilibaki palepale. Wiki ya pili, palepale. Nilikuwa ninauzisha bunga na kukosea chenji. Wiki ya tatu, kidonda ya kwenye goti ikafunga. Wiki ya ine, nusu kilo. Monique akasema mwili haiharakishe, tuiache ifanye kazi. Mimi sikuwa na wiki ya kupoteza.

Ikafika asubuhi ya kupimwa na Caleb. Niliamuka, nikamukuta Emérance amekaa pembeni ya jiko baridi. Akaninyooshea mwiko yake.

"Mama," akasema, bila kuniangalia, "leo munipikie."

Sikuuliza mara mbili. Nikawasha makala. Nikachemusha uji ya soja dakika makumi mbili kamili, nikamuonyesha sufuria, nikamuonyesha mwiko. "Ni soja, maji na sukari. Hakuna kitu ingine."

"Ninajua, mama." Akakunywa yote, akangoja ishuke tumboni, kisha akaenda.

Uwanjani Caleb alishindanisha wote tena: watoto kumi na mbili, na fasi tano tu. Sikuweza kuangalia. Liévin njo alikuwa ananihesabia. "Iko wa saba," akasema. "Wa saba tena." Kwenye mupando, fasi Emérance alikuwa anaangukia, Liévin akaacha kuhesabu. Nikafunga macho. "Alipita mupando," akasema. "Wa sita. Kahindo, wa tano. Wa ine."

Caleb alisoma majina na sauti ndogo. Jina ya Emérance ilikuwa ya ine. Alikuja kwetu, jasho inamumiminika, akasema iko na njaa. Nilikuwa nimebeba maharagi na muchele ndani ya bakuli, nimefunga na kitambaa. Akakaa chini kwenye majani na kula.

Liévin alimuangalia vile anakula. Kisha akasema: "Miaka mbili niliogopa, mutoto yangu. Kila siku nilikuona unapunguka, nikajiambia, Mungu alinirudisha mimi, na anamukamata yeye pole pole."

"Hapana, baba," Emérance akasema. "Tulikosa tu kujua kupika maharagi."

Liévin akafuta macho, akaniomba kijiko ingine, na akakaa chini pembeni yake.