Kidaka Nyuma ya Marumaru

Ukuta ule ulianza kutoa jasho siku ya Jumatatu, saa saba mchana, na kuta tatu zilizobaki za sebule zilikuwa kavu kama kawaida yake. Nasreen akachukua kitambaa akafuta. Alipogeuka kukikamua, matone yalikuwa yamerudi pale pale, na kitambaa kilinukia udi. Akampigia simu fundi.

"Ni rangi inapumua, dadangu," Ishaka akamwambia. "Marumaru ya mkono ina mambo yake. Ipe wiki moja."

Uongo mtupu! Rangi haipumui. Ishaka alikuwa na miaka ishirini katika kazi ile, na hajapata kuona rangi iliyokauka ikapigwa vanishi halafu ikatoa jasho, seuze jasho la kunukia. Lakini alijua kilichokuwamo nyuma ya ukuta, na kwa kuwa alijua, alijibu upesi akakata simu.

Sasa niwaambie huyu Ishaka ni nani. Timbwani nzima, ukiuliza fundi wa kupamba nyumba, utaonyeshwa mlango wake. Mlango wa chuma akiupaka yeye, utaapa ni mninga. Akitaka marumaru, huupaka ukuta rangi nyeupe, akaugongagonga na sifongo, halafu akachukua unyoya wa bata, akauchovya katika kijivu na kuuburuta ukutani mkono ukitetemeka makusudi, na mishipa ya jiwe ikatokea. Wageni hugonga kwa vidole kuhakikisha. Sifa hizo zilimwingia kichwani, tuseme ukweli.

Nyumba ya Nasreen ilikuwa ya zamani, ya mawe, ameachiwa na babake. Sebuleni palikuwa na kidaka, tundu la ukutani lenye upana wa sahani, na ndani yake kilikaa chetezo cha shaba. Kila Alhamisi jioni mamake Nasreen, Bi Jalila, alikifukizia udi kwa ajili ya "mzee wetu". Nyumba ile ilikuwa na mkaazi wake tangu enzi za mababu. Hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna aliyewahi kumkosea. Nasreen alipotaka ukuta mzima uwe marumaru, Bi Jalila alikubali kwa sharti moja, kisha akaenda kukaa kwa mwanawe wa kiume Changamwe, akikimbia vumbi la kazi.

"Ishaka mwanangu," alisema, "usikizibe kidaka kabla sijaja. Nipigie simu. Mzee aagwe, afukiziwe, aonyeshwe mahali pengine pa kukaa. Hatolewi kama mpangaji."

"Inshallah, mama. Nitakupigia."

Siku ilipofika alipiga mara moja. Simu haikushikwa. Plasta ilikuwa imeshachanganywa, na plasta haina subira. Mwenye kazi nyingine alikuwa akimngoja upande wa pili wa kivuko. Ishaka akakivuta chetezo akitoe, kikakataa, kimeganda kwa chokaa ya miaka mingi. Basi akakiacha humo humo. Akaziba, akasawazisha, akapaka. Na wallahi, kazi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya maishani mwake.

Bi Jalila alipouliza kwa simu chetezo kiko wapi, Ishaka alijibu, "Mimi nilikikuta kitupu, mama. Nilidhani mmeshakitoa."

Hakumtaja mtu. Lakini mtu wa tatu aliyekuwa akishinda ndani ya nyumba ile alikuwa Kache, mjane wa Kaloleni, mpishi na mfuaji wa Nasreen kwa miaka sita. Nasreen akampekua mfuko wake uani, majirani wakichungulia. Kanga za yule mwanamke zilitandazwa chini moja moja, na nguo za ndani pia, na Ishaka amesimama hapo hapo na brashi mkononi. Kache akainua macho akamtazama mara moja tu. Ishaka aliona aibu, na bado akarudi ndani kwenye ukuta wake.

Nasreen alimfukuza. Kache akakataa kwenda.

"Siondoki na jina la mwizi," alisema, akaketi kwenye baraza ya mbele na mfuko wake. "Nina mabinti wawili wa kuozwa. Nani atamposa mtoto wa mwizi?" Usiku alilala kwa jirani, asubuhi akarudi pale pale barazani.

Ndipo ukuta ukaanza vitimbi vyake. Jumatatu jasho. Jumanne kikohozi. Nasreen alikisikia adhuhuri akipanga matakia: kikohozi cha mzee, kikavu, cha mtu aliyefungiwa na moshi. Jumatano akamwita Ishaka aje mwenyewe.

"Angalia," Nasreen alimnong'oneza. "Huu mshipa ulikuwako?"

Ishaka akaangalia. Fundi anaijua kazi ya mkono wake, na ile mishipa alikuwa ameichora mmoja mmoja kwa unyoya. Huo haukuwa wake. Ulikuwa mnene kuliko mingine, ulitoka pale kilipokuwa kidaka ukateremka hadi usawa wa kifua cha mtu. Akaugusa. Ulikuwa na joto, na chini ya kidole chake ulipiga, ukatulia, ukapiga tena.

"Ulikuwako," alisema.

"Una hakika, fundi?"

"Nina hakika."

Alipotoka nje Kache alikuwa akimngoja barazani. "Fundi," alisema, bila kuinua sauti, "nimeshamwambia dada Nasreen. Jumamosi twende kwetu, tukale kiapo cha papai. Mganga analisomea papai, tunakula. Aliyechukua mdomo unamvimba, hamezi. Mimi nitakula. Na wewe ule, kwa sababu wewe pia ulikuwamo."

"Mimi ni Mwislamu, Kache. Mambo hayo siyaingii."

"Basi sema kweli yako bila papai."

Ishaka akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta njia ya kupita, akashika njia yake. Usiku ule hakula. Mkewe alimuuliza ana nini, akasema tumbo.

Kusema kulikuwa rahisi: mama, niliziba bila kungoja, chetezo kimo. Maneno matano sita. Lakini wangeuvunja ukuta ule, na Timbwani yote ingejua kwamba fundi Ishaka alimtia mjane wizini ili asirudie kazi ya siku moja. Aliwaza hivyo mpaka akapata wazo baya zaidi. Angetoboa tundu dogo, akitoe chetezo, azibe na kupaka tena, halafu chetezo kionekane mahali. Mahali gani? Moyo ukamjibu: kijumba cha uani, alikokuwa akilala Kache. Akauonea haya moyo wake, lakini hakuukatalia.

Ijumaa, wanaume wako msikitini na Nasreen amekwenda Changamwe kumchukua mamake, Ishaka alipita barazani na tindo kwenye mfuko. Ufunguo alikuwa amemwomba Nasreen kwa kisingizio cha kupima unyevu. Kache alikuwa amekaa pale. Hakumwamkia, wala Ishaka hakuthubutu kumwamkia.

Ndani palikuwa na harufu ya udi ya kukata pumzi. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa sebuleni, na bado pale mbele ya ukuta palikuwa na ubaridi kama wa mtungi. Ishaka akasema bismillahi, akaona haya kuisema kwa kazi kama ile. Akaweka tindo kwenye ule mshipa akagonga.

Marumaru ikabanduka. Hakuona plasta, aliona tundu lililo wazi tayari, safi, na ndani kiza. Akaingiza mkono hadi kiwiko, akipapasa chetezo, akakigusa, cha moto kama kimetoka kufukizwa saa ile, na alipokishika ili akivute kitu kikamshika yeye, polepole, bila nguvu, vidole vikavu vya mtu mzima vikimzunguka kifundo cha mkono kimoja kimoja kama mtu anayemsalimia mgeni aliyemngoja siku nyingi, na Ishaka akavuta, akatia mguu ukutani akavuta tena, akasoma aya aliyoikumbuka akaikosea katikati, akaanza upya akaikosea pale pale, na mishipa yote aliyoichora kwa mkono wake, ile myembamba na ile mipana, ikaanza kujikunja ukutani na kukusanyika kumzunguka mkono wake, ikipiga kwa pamoja na moyo wake, na kutoka ndani ya tundu kikatoka kikohozi, halafu sauti, na sauti ile, Ya Rabi, ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mimi nilikikuta kitupu, mama," ikasema. Ikakohoa. "Mimi nilikikuta kitupu, mama. Mimi nilikikuta kitupu."

Ishaka alipiga ukelele.

Kache ndiye aliyeingia wa kwanza. Nyuma yake, kwa kuwa teksi ilikuwa imefika dakika ile, Nasreen na Bi Jalila na mkongojo wake. Walimkuta fundi amepiga magoti, shavu limebanwa kwenye marumaru, mkono umezama ukutani, na ukuta ukisema kwa sauti yake maneno aliyoyasema.

"Nitoeni," Ishaka alinong'ona. "Mama, nitoe."

Bi Jalila hakusogea. "Si mimi nilokushika," alisema. "Nalikwambia nipigie simu. Msemeze yeye."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Kache alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Ishaka aliziona ndala zake tu, kwa kuwa kichwa kilikataa kuinuka.

"Nilikiziba mimi," alisema. Ukuta ukanyamaza. "Chetezo kimo ndani. Nilikiacha kwa uvivu. Nikamwacha Kache apekuliwe na mimi nikiona. Na leo..." Akasita. Vidole vikakaza mpaka mfupa ukalia. "Leo nilikuja kukitoa nikakiweke chumbani kwake."

Hilo hakuna aliyekuwa akilijua. Vidole vikamwachia, na Ishaka akaanguka chali na chetezo mkononi, akabaki hapo sakafuni akilia kama mtoto, si kwa maumivu.

Nasreen alimshika Kache mkono. "Nisamehe, wallahi nisamehe, rudi kazini." Kache aliutoa mkono wake taratibu. Akatoka hadi barazani, akatwaa mfuko wake, akaenda stendi bila kugeuka.

Jioni ile ile ukuta ulivunjwa na kidaka kikafunguliwa. Bi Jalila alikaa mbele yake akakiwasha chetezo mahali pake, akamwita mzee kwa majina ya heshima anayoyajua yeye, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba. Kila Alhamisi ya umri wake moshi wa udi ulikuwa ukiinamia ndani ya kidaka kama unaovutwa. Safari hii ulipanda moja kwa moja hadi darini.

"Hayumo," alisema Bi Jalila.

"Alhamdulillah," akajibu Nasreen.

"Usishukuru mapema," mamake akamwambia. "Kuhama si kufa."

Kazi zilimkimbia Ishaka. Msikitini aliposimama safuni, mtu wa kulia kwake alisogea, pakabaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuja kuiziba hata imamu alipohimiza. Ishaka alihesabu ni dharau, akaimeza, kwa kuwa alijiona ameistahili. Baada ya wiki tatu hakuweza tena. Alipanda gari hadi Kaloleni, akauliza njia, akafika kwa Kache adhuhuri. Alimkuta uwanjani akipeta mahindi.

Alibaki amesimama mbali kidogo.

"Kache," alisema, "nimekuja kuomba radhi. Nilikutupa ili kazi yangu isifiwe. Nimewaambia watu wote wa Timbwani, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Sina uso wa kukutazama, lakini nimekuja."

Kache akapeta mara mbili tatu za mwisho. Kisha akaweka ungo chini.

"Habari hizo zimefika hapa kabla yako," alisema. "Wiki iliyopita watu wamekuja kumposa mwanangu mkubwa. Nimekusamehe, fundi. Kwa Mungu nimekusamehe."

Akaingia ndani. Ishaka akajipangusa macho kwa mkono wa shati, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kifua chake kikapata pumzi. Kache akatoka na vigoda viwili, akaviweka kivulini, kimoja kando ya kingine.

"Mbona viwili?" Ishaka akauliza. "Wewe hukai?"

"Mimi nina kazi. Hicho kimoja ni chako." Kache aliteremsha macho kwa adabu, kama mtu aamkiaye mkubwa. "Hicho kingine ni cha huyu mzee uliyekuja naye. Tangu mfike umemwacha amesimama juani, wala hukumjulisha."

Ishaka hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akasogea upande, akampisha akae kwanza.