Kilio Ndani ya Ukuta

Mtaani walimwita Mama Habari, ingawa kazi yake ilikuwa kushona. Taa ya barabarani ikizimika, au takataka zikirundikana, alipiga picha na kuituma kwenye ukurasa wa mtaa. Mumewe alimtania, "Mke wangu, kuku akitaga, watu wanajua kabla ya jogoo!"

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, alimpelekea jirani yake gauni. Jirani huyo alikuwa mjane, mzee, na masikio yake mazito.

"Hodi!" Aligonga mlango. "Hodi, Bibi!"

Ndani ya ukuta kitu kikalia. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha mtoto aliyechoka kulia. Kikanyamaza. Kikaanza tena, chini zaidi.

Alitoa simu, akarekodi, akaandika: "Mtoto amefichwa nyumbani kwa mjane!" Akatuma, akakimbilia kwenye cherehani yake.

Kabla hajamaliza hata pindo moja, alikisikia tena kile kilio. Safari hii kilitoka barabarani, na kilikuwa kinakuja.

Alichungulia. Watu walikuwa wanatembea na simu mkononi, na kila simu ilikuwa inalia. Kati ya kilio na kilio alisikia mtu akihema. Zilikuwa pumzi zake mwenyewe, alizozirekodi pamoja na kile kilio. Wengine walishika mawe.

"Mchawi! Mtoe mtoto!"

Mama Habari alikimbia akasimama mlangoni pa mjane. Aliogopa sana. "Jamani, sikuona mtoto! Nilisikia sauti tu!"

"Si uliandika mwenyewe? Lisemwalo lipo!"

"Basi nani ameingia kuangalia?" sauti iliuliza nyuma yao. Alikuwa jirani yao mwingine, mtangazaji wa redio. "Nani amemuuliza mwenye nyumba?"

Mlango ukafunguka. Mjane alitoka uani alikokuwa akifua, mikono ina povu. Aliwatazama wote, akatabasamu.

"Karibuni, wanangu. Mbona wengi hivi? Kuna msiba?"

Nyuma yake, ukuta ukalia. Watu wakarudi nyuma. Mjane peke yake hakusikia kitu.

Mtangazaji aliingia na Mama Habari. Alitega sikio ukutani, akafuata sauti mpaka jikoni, akafungua bomba. Bomba likalia, likakohoa, likatema maji meusi yenye harufu mbaya.

"Bomba limepasuka mahali," alisema. "Linavuta hewa, ndiyo maana linalia. Linavuta na uchafu."

Walilifuata nje. Ufa ulikuwa ndani ya mtaro wa maji machafu.

"Mungu wangu! Ndiyo maana watoto wanaumwa matumbo," alisema Mama Habari. "Na mimi nilikaribia kumuua mtu."

"Uhuru wa kusema ni wako, dada," mtangazaji alimwambia. "Mtu asikunyang'anye. Lakini andika ulichokiona. Ulichokisia, kihakikishe kwanza. Na unayemtaja, muulize kabla hujatuma."

Mama Habari alifuta ile video kwenye ukurasa wa mtaa. Palepale aliandika: "Nilikosea. Hakuna mtoto. Namwomba Bibi radhi." Kisha akapiga picha ufa na kwenda ofisi ya maji.

"Ukirusha picha hiyo, utajuta," karani alimwambia.

"Nimekuja kukuuliza kwanza. Bomba hili mtalitengeneza lini?"

"Sina la kusema."

Hata hivyo alituma. Aliandika alichokiona, na jibu la karani neno kwa neno. Watu walipoona picha, walikwenda ofisini wenyewe, safari hii bila mawe. Wiki haikuisha, bomba jipya likawekwa. Maji yakawa safi, na ukuta ukanyamaza.

Siku moja mjane alikaa kando ya cherehani akisubiri gauni jingine, akisimulia habari za ujana wake. Mgeni akapita barabarani, anatazama simu. Simu ile ilikuwa inalia, kilio kilekile chembamba, na pumzi zilezile katikati.

Mjane aliendelea na hadithi yake. Mama Habari aliinama, akasimamisha cherehani mpaka sauti ilipopita.