Macho Mawili Yanatosha

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Mzee Stoo alikuwa shambani. Mkono mmoja ulishika kikombe. Mkono wa pili uliinua matawi ya mizabibu yaliyolala chini na kuyaegemeza kwenye waya. Shamba lilikuwa na mistari sita tu. Mama yake ndiye aliyeipanda, na alipofariki akamwachia yeye.

Jina la Stoo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na tisa alitunza stoo ya shule, wala hakutupa kitu. Misumari iliyopinda aliinyoosha. Viti vya miguu mitatu alivihifadhi, akingoja mguu wa nne upatikane. Alipostaafu alihamia shambani na tabia yake. Hakukata hata tawi moja.

Basi mizabibu ikafanya ilivyotaka. Matawi yalipanda nguzo, yakashuka upande wa pili, yakashikana na ya mstari wa jirani. Siku moja kuku aliyedhaniwa ameibwa alitoka mle ndani na vifaranga saba. Wapita njia waliisifu mizabibu kwa ukijani wake, na Mzee Stoo akatembea kifua mbele.

Tatizo lilikuwa zabibu zenyewe. Vichala vilikuwa vidogo na vichache. Vingi vilikuwa na ukungu mweupe, kama vimenyunyiziwa unga. Wakati wa mavuno, mnunuzi wa kiwanda cha mvinyo alionja zabibu moja, akafumba jicho moja, akaomba maji ya kunywa. Hakuchukua hata kreti moja.

Alipoondoka, mke wa Mzee Stoo alisema kwa upole kwamba mavuno yajayo yakikataliwa tena, mizabibu itang'olewa na watapanda maharage. Mzee Stoo alijua kwamba mkewe akisema kwa upole, amekwisha kuamua.

Majani yalipopukutika, mke akamwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lao. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye buti kubwa na mkasi wa kupogolea matawi mfukoni. Alizunguka shamba lote, akatoka na majani makavu kichwani.

"Mzee wangu, mzabibu huu una watoto mia na sufuria moja," alisema. "Mizizi inaleta chakula kilekile. Matawi yakizidi, kila moja linaambulia tone. Ndiyo maana zabibu ni ndogo na kali. Tena majani yakisongamana, jua haliingii, upepo haupiti. Ukungu unapata nyumba."

Akamwonyesha vivimbe vidogo kwenye tawi. Wakulima huviita macho. Kila jicho hutoa chipukizi, na zabibu hutoka kwenye chipukizi hilo jipya. Kwa hiyo tawi la mwaka jana hukatwa fupi, likabaki na macho mawili. Kazi hiyo hufanywa majani yakiwa yamepukutika, kabla macho hayajafunguka.

"Na haya mengine?" Mzee Stoo aliuliza.

"Yanaondoka."

"Yanakwenda wapi?"

"Nje ya shamba, mzee. Yenye ukungu tunayachoma."

Mzee Stoo akaketi chini. Alisema mizabibu ile ni ya mama yake, hawezi kuitia mkasi. Mkewe akatoa shauri: apogoe yeye mistari mitatu, na mitatu mingine abaki nayo mumewe kama ilivyo.

Mke akaanza kukata, bibi shamba akimwelekeza. Mzee Stoo alifuata nyuma akiokota. Kufikia saa sita mchana, uvungu wa kitanda ulikuwa umejaa matawi. Mkewe alimwuliza kama anataka kulala naye au na kuni. Yakatolewa nje.

Siku kadhaa baadaye Mzee Stoo aliona sehemu zilizokatwa zikidondosha maji. Alikimbia nyumbani, akachana shuka kuukuu, akafunga kila kidonda. Bibi shamba alipopita alidhani ameingia wodi ya majeruhi.

"Inalia," Mzee Stoo alisema.

"Inaamka," bibi shamba alijibu. "Mizizi inavuta maji kwa ajili ya msimu mpya. Yatakoma yenyewe. Ila vitambaa tuvitoe, visije vikaleta kuoza."

Wakavitoa pamoja. Mzee Stoo alivifua, akavikunja, akavitunza.

Msimu ukaendelea. Kila asubuhi sasa alipitia mistari ya mkewe. Alidai anakagua waya. Siku moja mkewe alimkuta amechuchumaa mbele ya kichala kikubwa, amekibeba kiganjani kama anayepima uzito wake.

"Mama angekiona hiki," alisema bila kugeuka.

"Aliviona vingi," mkewe alijibu. "Mama alikuwa anapogoa kila mwaka. Mimi ndiye niliyembebea matawi. Wewe ulikuwa kazini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu. Ulikuwa unanyoosha misumari."

Mzee Stoo alikiachia kichala taratibu. Mama, ambaye kwa ajili yake alikataa kukata siku zote hizo, kumbe alikuwa na mkasi wake.

Wakati wa mavuno mnunuzi alirudi, safari hii na chupa yake ya maji. Alionja zabibu ya mstari wa mke. Akachukua nyingine, kisha nyingine, mpaka mke akamkumbusha kwamba zinatakiwa zifike kiwandani. Mistari ile mitatu ilijaza kreti thelathini na moja. Ya Mzee Stoo ilitoa kreti moja, nayo haikujaa. Mwenyewe ndiye aliyesema isipakiwe.

Majani yalipopukutika tena, aliomba mkasi. Mzabibu wa kwanza ulimchukua asubuhi nzima. Alihesabu macho kwa sauti, moja, mbili, akakata, akajifuta jasho. Kufikia siku ya nne alikuwa amemaliza mistari yote sita, na mkewe alimdaka akiunyooshea mkasi mzabibu wa jirani kupitia ua.

Mavuno yaliyofuata, gari la kiwanda liliondoka limejaa. Jirani yule akaja kuuliza siri. Mzee Stoo alimwambia hakuna siri. Mkasi uwe mkali na safi, matawi yabaki na macho mawili mawili, na takataka zitoke shambani.

Jirani alikiri kwamba anaelewa yote, ila anaona huruma kukata.

Mzee Stoo alimtazama sana.

"Njoo na mkeo," alisema.